Mwenzako Ametangulia

Kaka yangu alifia njiani kati ya Mkuu na Tarakea, Jumamosi moja ya kiangazi, na hakuna gari lililomgusa. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minane, fundi wa majokofu, mtu aliyepanda kilima cha Old Moshi kwa baiskeli kila jioni akitoka kazini bila kushuka kusukuma hata mara moja. Moyo wake ukasimama kando ya barabara aliyoipenda kuliko zote.

Kwa mama tulikuwa wawili tu. Baba alikufa sisi tukiwa bado shuleni, na nyumba yetu ipo kwenye kihamba, shamba lile lile la ukoo alilotuachia, katikati ya migomba na kahawa iliyozeeka. Mimi nauza kwenye duka la dawa mjini. Kaka ndiye aliyeniambukiza baiskeli. Ya kwake aliinunua kwa mgeni aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao: baiskeli ya resi ya rangi ya chungwa, nyembamba, yenye usukani uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Watu walimcheka. Mtu mzima, fundi anayeheshimika, anapita sokoni Kiboriloni na kaptura ya kubana! Yeye aliwapungia mkono. Mwaka uliofuata akanipatia ya kwangu, ya bluu, akaifumua yote na kuiunga upya sebuleni kwa mama juu ya magazeti, na grisi ile haijatoka sakafuni mpaka leo.

Tulikuwa na njia zetu. Ukitaka tambarare unashuka Kahe, unapita kando ya miwa, na upepo wa moto unakupiga kifuani kama umefungua mlango wa tanuri. Ukitaka ukavu wenyewe unakwenda Boma Ng'ombe hadi Sanya Juu, ambako miiba ya kando ya barabara inatoboa tairi hata ukiwa umesimama. Lakini njia ya kaka ilikuwa Rombo. Unatoka Himo, unapanda Marangu, unapita Mamba na Mwika, kisha barabara inaanza kukufundisha adabu. Ni korongo baada ya korongo. Unashuka kwa kasi hadi daraja, chini yake mto wa mawe matupu, halafu unapanda upande wa pili mpaka mate yanakauka. Kushoto una migomba na kilele cha Mawenzi chenye meno. Kulia ardhi inaporomoka hadi nyika ya Kenya, kavu, rangi ya gunia, haina mwisho.

Mimi kwenye kupanda nilikuwa mzito. Kaka alikuwa anafika juu, anaketi kwenye tuta la kando, anavua kofia ngumu na kuiweka mapajani, ananingoja. Hakuwahi kuniambia niongeze mwendo. Na kama Jumamosi nimechelewa kuamka, alitangulia, mimi nikafuata, nikamkuta Mkuu anakunywa chai. Ilitokea mara nyingi. Alijua nitakuja tu.

Jumamosi ile aligonga dirisha langu kwa ukucha, mara mbili. Ilikuwa alfajiri, jogoo wa jirani ndiyo kwanza wanajibizana.

"Mdogo wangu. Twende."

Nilikuwa macho. Nilikuwa nimelala chali nasoma ujumbe kwenye simu, na nilipomsikia niliigeuza simu kifudifudi juu ya kifua changu. Ijumaa nzima nilikuwa nimesimama dukani, miguu iliniuma, na sikutaka kumwambia hapana kwa mdomo kwa sababu nilijua atanibembeleza. Kwa hiyo nikanyamaza. Nikabana pumzi kama mtoto anayejificha. Alingoja kidogo. Kisha nikasikia friwili ya baiskeli yake ikilia tik-tik-tik kuelekea barabarani, na nikajifunika shuka nikalala vizuri sana. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba nililala vizuri. Niliamka saa mbili, nikafua nguo, nikaanika. Saa nane mchana simu ya mama ikaita.

Tulimzika kihambani kando ya baba. Baiskeli yake haikurudi na maiti. Nilipouliza, mama alisema, "Imebaki Rombo. Achana nayo." Nilifurahi kuachana nayo. Ya kwangu niliitundika stoo nikaifunika gunia.

Ulipita mwaka na zaidi kidogo kabla sijaishusha. Nilianza na Kahe, nikaenda Sanya Juu, na huko kote nilikuwa mtu tu anayeendesha baiskeli kwenye jua. Nikadhani nimepona. Jumamosi iliyofuata nikapanda Marangu, nikakata kulia kwenda Rombo.

Pale Mwika kuna mama anayeuza maparachichi kando ya barabara, juu ya meza ya mabanzi. Alitujua kwa miaka, ingawa hakuwahi kutuuliza majina. Nilipopunguza mwendo kumsalimu, alinitazama akacheka.

"Leo umechelewa," alisema. "Mwenzako ametangulia."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Si huyo wenu wa baiskeli ya chungwa? Amepita sasa hivi. Kaza utamkuta."

Kwa lugha yetu hata kwa marehemu tunasema hivyo hivyo, kwamba ametangulia, na kwa sekunde moja nilifikiri amesikia msiba na ananipa pole kwa namna yake. Lakini alikuwa ananyoosha mkono kuonyesha barabara. Nilishuka kwenye baiskeli. Nilitaka kumwambia kwamba mtu huyo tumemzika. Badala yake nikasema asante, nikageuza, nikarudi nyumbani, na jua linawaka.

Nilijipa sababu. Mama yule anaona watu wengi, siku zimechanganyika. Wiki tatu baadaye nikaenda tena, na Mwika nikapita nimeinamisha kichwa. Nilipofika Mkuu, kwenye kijiwe cha bodaboda, kijana mmoja akapiga mluzi.

"Sista, kaza! Mwenzio yuko mbele! Baiskeli ya chungwa!"

Safari hii sikurudi. Nilikanyaga pedeli kama mtu anayekimbizwa, wakati mimi ndiye niliyekuwa nakimbiza. Korongo la kwanza sikuona kitu. La pili, sikuona kitu. Kwenye la tatu nilifika ukingoni, nikatazama ng'ambo, na huko, katikati ya mwinuko wa pili, nikamwona.

Baiskeli ilikuwa ya chungwa. Jezi ilikuwa ile ya kijani iliyopauka mgongoni kwa sababu mama aliianika juani kila wiki. Alikuwa anapanda polepole, na bega la kulia limeinama kidogo. Nilipiga kelele. Sikuita jina, nilisema tu "Ngoja!" Sauti ikashuka korongoni, ikapotea kwenye yale mawe. Hakugeuka. Mimi nikaachia breki nikashuka kama kichaa, nikavuka daraja, nikaanza kupanda na gia isiyofaa, moyo unanipiga masikioni, na nilipofika juu barabara ilikuwa nyeupe na tupu hadi ilipopinda. Mbuzi wawili walikuwa wanakula kando. Niliketi kwenye tuta. Nilikaa pale nusu saa nikisikiliza, na kilichosikika ni upepo kwenye miti mikavu.

Jioni ile nilimweleza mama. Alikuwa jikoni anamenya ndizi mchare, vidole vyake vyeusi kwa utomvu. Nilipofika kwenye jezi, kisu kilisimama.

"Uliona uso wake?"

"Hapana. Mgongo tu."

Akaanza kumenya upya. "Usiende tena huko," alisema. "Barabara ziko nyingi. Nenda hiyo ya Kahe."

"Mama, ulimzika kwa jezi gani?"

"Nimesema usiende."

Nilifikiri anaogopa. Usiku wa jumuiya ya kanisa aliomba sala ndefu kwa ajili ya marehemu wetu, na mimi niliona aibu kwamba nimemtonesha kidonda. Lakini nilikuwa silali. Nikiwa dukani nahesabu vidonge vya mtu, nilimwona ng'ambo ya korongo. Nikishuka asubuhi kwenda kazini kwenye ukungu, nilisogea upande mmoja wa barabara, nikiacha nafasi ya mtu mwingine kando yangu. Nilitambua kwamba naacha nafasi pale tu dereva mmoja aliponipigia honi.

Jumamosi ya mwezi uliofuata nilimdanganya mama kwamba nina zamu. Nilipitia Himo, Marangu, Mwika. Mama wa maparachichi alininyooshea mkono tu, mbele, kama mtu aliyechoka kurudia neno. Nilipita Mkuu, nikapita lile korongo, nikapita hata mahali ambapo polisi walisema alikutwa, ambapo sijawahi kusimama, nikaenda hadi Tarakea yenyewe. Nilifika saa sita, sokoni kumejaa, magunia ya maharage na watu wa pande zote mbili za mpaka. Nilikuwa nasukuma baiskeli kutafuta maji ya kunywa. Na pale, kwenye ukuta wa kibanda cha fundi cherehani, ilikuwa imeegemezwa.

Sikuhitaji kuuliza. Kwenye bomba la chini la fremu kulikuwa na mkwaruzo niliousababisha mimi mwenyewe, siku nilipomwangukia kaka pale Mamba. Niliweka kiganja juu yake. Chuma kilikuwa cha moto.

Ndani, nyuma ya cherehani, aliketi mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye mvi kidogo, ana futi ya kupimia shingoni. Jezi ya kijani ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma yake. Alinitazama, akaondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu ndiyo iliyokuja.

"Marahaba." Akasimama kwa taabu, akishika goti. "Wewe ndiye mdogo wake. Una uso wake."

"Hiyo baiskeli umeipata wapi?"

"Kaa, mama. Kaa kwanza."

"Sikai. Umeipata wapi?"

"Alinipa mama yenu," alisema.

Basi nikakaa.

Alinieleza taratibu, na mara nyingi alisimama kutafuta neno. Siku ile alikuwa anatoka upande wa Tarakea kwa miguu, kwenda kwa shemeji yake anayekaa juu ya korongo. Akamkuta kaka ameketi kwenye tuta, kofia ngumu mapajani, baiskeli imelazwa vizuri kwenye majani. Alidhani anapumzika. Alipomsalimu akaona jasho limemkauka na midomo imekuwa ya kijivu. Akampa maji yake. Kaka alikunywa, akashukuru.

"Nikamwambia, ndugu, nisimamishe gari likupeleke hospitali Huruma? Akasema hapana. Akasema, 'Mdogo wangu yuko nyuma. Anakuja. Akifika asinikute ataogopa.'"

Fundi alitazama mikono yake.

"Gari la kwanza likapita. Nikataka kulisimamisha, akanishika mkono. Tukangoja. Tuliangalia barabara pamoja, mimi na yeye, kule chini darajani. Kila pikipiki ikitokea aliinua kichwa. La pili ndilo nililosimamisha kwa nguvu, lakini kabla halijasimama alikuwa ameniegemea. Nikajua."

Nje mtu alikuwa anatangaza bei ya vitunguu. Nilimsikia kila neno na sikuelewa hata moja.

"Mama yenu alikuja baada ya mazishi, yeye na mzee mmoja wa kwenu," aliendelea. "Alitaka kupaona. Nikampeleka. Baiskeli ilikuwa bado polisi, wakampa, akanipa mimi. Na jezi akaifua akaniletea. Nilikataa, alilia, nikapokea. Alinisihi kitu kimoja, kwamba wewe usijue. Alisema, huyu mmoja aliyebaki akijua alingojwa, hatalala tena maishani."

Nilisikia mdomo wangu unasema kitu ambacho sikuwahi kukisema hata kwenye kitubio. "Nilikuwa macho. Alinigongea dirisha, nikajifanya nimelala."

Nilingoja aniambie siyo kosa langu. Watu wote wangesema hivyo. Yeye hakusema. Alikunja kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na mimi lile gari la kwanza," alisema. "Lilikuwa tupu, mama. Pikapu tupu. Nakiona kiti chake kila siku."

Tulikaa hivyo, wawili tusiojuana, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu msiba niliyokaa na mtu bila kutaka kuondoka. Baadaye akaniambia kwamba kila Jumamosi anaendesha hadi Mkuu na kurudi. Goti lilikuwa linamsumbua, daktari alimwambia baiskeli ni dawa. Siku niliyomwona korongoni alikuwa ameingia kwa shemeji yake kunywa maji. Njia ya kuingia iko mita chache kabla ya pale niliposimama. Hakusikia nikiita.

"Na yule mama wa Mwika," nilisema, nikiwa karibu kucheka kwa ahueni. "Alinitia wazimu. Kila nikipita ananiambia umetangulia."

Alinitazama. "Mwika ipi?"

"Mwika, njia ya Marangu. Anauza maparachichi."

"Mimi sijawahi kufika Mwika na baiskeli hii," alisema. "Hili goti mwisho wake Mkuu."

Hatukulizungumza zaidi. Labda yuko mwingine mwenye baiskeli ya chungwa. Sijamwona.

Alinisindikiza hadi pale alipofia kaka. Alipofika kwenye tuta alishuka akasukuma kwa miguu, kama mtu anayepita mbele ya kanisa, na mimi nikashuka. Palikuwa mahali pa kawaida kabisa. Majani yamekauka, kuna jiwe moja bapa, na ukiketi unaiona barabara yote hadi darajani, na ng'ambo yake, na kipande kingine zaidi kinachotokea nyuma ya miti. Ni mahali pazuri sana pa kumngojea mtu.

Nilifika nyumbani giza linaanza kuingia. Mama alikuwa ameketi kizingitini, na kwa jinsi alivyonitazama nikajua sina haja ya kumweleza nilikotoka.

"Umemkuta," alisema.

"Nimemkuta. Mama, kuna kitu hujui. Siku ile asubuhi..."

"Nilikuwa jikoni nawasha moto," alinikatiza. "Alikuja akaniambia umelala. Nikamwambia akuache upumzike. Lakini dirisha lako nililiona kabla yake. Mwanga wa simu ulikuwa kwenye pazia."

Niligeuka nikalitazama dirisha langu.

"Nilijua tangu siku hiyo," mama alisema. "Ningekuambia nini? Na mimi ningeweza kukuita. Ningesema tu, amka wewe, kaka yako anakusubiri. Sikuita. Nilitaka unisaidie kufua."

Alinisogezea nafasi kizingitini, nikaketi. Hatukulia. Aliuliza kama nimekula, nikasema hapana, akaendelea kukaa.

Sasa nakwenda Rombo mara moja kwa mwezi. Namkuta fundi Mkuu, tunapanda pamoja hadi Tarakea, na siku mbili tatu tumevuka hadi upande wa pili wa mlima, kule Rongai, ambako mvua haifiki sawasawa na upepo unatoka nyikani bila kizuizi. Kaka hakufika huko. Hatuzungumzi sana. Yeye akifika juu kabla yangu ananingoja, lakini ananingoja akiwa amesimama wima, mikono miwili kwenye usukani, ili nikiwa bado chini nimwone vizuri.

Agosti iliyopita mama alimwalika kwetu. Alipandisha baiskeli kwenye gari la mizigo hadi Kiboriloni, na kutoka hapo akapanda Old Moshi kwa miguu, akiisukuma. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule wa Agosti ambao hata mgomba wa jirani huuoni, na manyunyu yanadondoka kwenye majani bila mvua kunyesha. Mimi nilikuwa nafagia uani. Mama alikuwa jikoni, machalari ya ndizi na nyama yako motoni.

Tukaisikia kabla ya kumwona. Tik-tik-tik, ikija juu polepole kutoka barabarani.

Mimi nilijua ni nani, nilikuwa nimezungumza naye kwa simu dakika chache kabla. Mama pia alijua, yeye ndiye aliyemwalika. Lakini alitoka jikoni mbio, peku, mwiko mkononi, khanga imemlegea kiunoni, akapita mbele yangu kama hanioni.

"Mwanangu!" aliita kwenye ukungu. "Mwanangu, umechelewa wapi?"

Baiskeli ya chungwa ikatokea kwanza, halafu mtu. Fundi alisimama getini, kofia ngumu mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama mama, na nikaona hajui kama aitike.

Mama alisimama. Matope yalikuwa yamempanda hadi kwenye vifundo. Aliangalia mwiko ule kana kwamba kuna mtu amempa sasa hivi. Kisha akaufuta kwa khanga, akaenda hadi getini, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, baba," alisema. "Karibu ndani, baridi hii. Goti linasemaje?"

"Linauma, mama. Kilima chenu kirefu."

"Kirefu," mama alisema. Akachukua baiskeli mwenyewe, akaisukuma hadi barazani, akaiegemeza ukutani chini ya dirisha. Kisha akaingia jikoni kumchemshia maji ya chumvi ya kukandia goti.